Mtoto Aliyemshinda Chui Milia

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Nimefika. Kinyaa kitupu!

Nyumba ya bibi imefungwa miaka miwili tu, lakini panya wamekaa humu kama walioachiwa urithi. Mavi yao yako kwenye magodoro, kwenye sufuria ya wali, mpaka ndani ya viatu vya mpira vya marehemu. Karatasi za ukutani zimevimba kwa unyevu; ukizibonyeza zinatoa maji ya kahawia, kama jipu. Na barazani bado yananing'inia matofali mawili ya soya iliyopondwa ya kuchachusha, ya mwisho aliyoyafunga bibi kwa mkono wake. Yameota ukungu mrefu wa kijani. Manyoya! Nimeyakata nikayatupa nyuma ya nyumba. Kisha, kwa ujinga wangu, nikanusa vidole.

Nimenawa mara tatu. Bado.

Tarehe 15 mwezi ujao maonyesho yanafunguliwa Seoul. Picha kumi na mbili, zote nimejipiga mwenyewe. Tisa ziko tayari. Mimi mbweha mwenye mikia tisa. Mimi mzuka asiye na uso, laini kama yai. Mimi panya aliyekula kucha za msichana akageuka yeye. Hadithi zote alinisimulia bibi, humu humu, nimelala kifudifudi kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini. Zimebaki tatu, za chui milia. Hizo haziwezi kupigwa studio. Zinataka mlango huu wa karatasi, jiko hili, uozo huu.

Bi Pyo, mwenye galari ya maonyesho, alipiga simu kabla sijashusha hata begi. Hye-rang mpenzi, umefika? Panatisha? Pananuka? Vizuri sana!

Vizuri sana, eti. Aje alale yeye.

Alhamisi, 9 Novemba

Picha ya kumi: mkono wa chui.

Nilikoroga unga na maji, kama chui wa hadithi anavyojipaka weupe ili mkono ufanane na wa mama, nikajipaka hadi kwenye kiwiko. Ukikauka unavuta vinyweleo. Ukipata joto la taa unanuka kama matapishi ya kitoto kichanga. Nikatoboa karatasi ya mlango, nikasimama nje kwenye baridi, nikapitisha mkono ndani. Kamera iko chumbani juu ya miguu yake mitatu, rimoti nimeishika kwa mkono wa pili. Mara arobaini na moja! Mkono ulionekana kama kitu cha buchani. Wa arobaini na mbili ndio.

Bi Pyo anataka maneno ya kubandika ukutani, kando ya picha. Basi niandike hapa kwanza, nione yanakaaje.

Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa amekufa mgodini, makaa ya mawe yaliwafunika watu sita. Mama hakuwepo. Bibi aliniambia chui milia alimla mama kwenye kilima cha pili, akavaa nguo zake, na kwamba siku moja angekuja kuniita kwa sauti yake. Kila mtoto huku anaijua hadithi hiyo. Ila kwangu bibi aliongeza: akija, mwambie aonyeshe mkono. Mkono wa mama yako ulikuwa laini. Wa chui unakwaruza.

Akaja. Alasiri moja ya baridi kali. Akaita. Nikasema: onyesha mkono! Mkono ukapita kwenye karatasi — mwekundu, umepasukapasuka, unanuka samaki. Chuma cha kuchochea moto kilikuwa jikoni, kimeiva. Nikakichomoa, nikakibandika pale pale. Chui akalia. Akakimbia. Bibi akanibeba mgongoni akacheza nami chumba kizima. Mjukuu wangu kamshinda chui!

Nimeisimulia mara ngapi? Chuoni. Baa. Kwa wanaume wawili niliowahi kuwapenda. Watu hucheka, hupiga makofi. Nilipokua nilijiambia huenda alikuwa mchuuzi tu, au omba-omba, au niliota. Mama? Mama alituacha, hilo nililijua nikiwa sekondari. Bibi alisema alimla mumewe, yaani nuksi yake ndiyo iliyomuua, kisha akaenda kumtafuta mwingine wa kumla.

Nimemsomea Bi Pyo kwa simu. Akapiga ukelele. Mtoto shujaa! Hye-rang mpenzi, hii ndiyo italeta watu! Sauti yake inanata kama soda iliyomwagika juu ya meza.

Lakini nilifurahi. Niseme kweli. Nilifurahi, kisha nikajionea kinyaa kwa kufurahi.

Jumapili, 12 Novemba

Picha ya kumi na moja: chui anaanguka. Kwenye hadithi alipanda mbinguni kwa kamba mbovu, ikakatika, akaangukia shamba la mtama, na damu yake ndiyo iliyotia shina la mtama wekundu. Nimekodi kishamba chini ya barabara, mtama umeshavunwa, yamebaki mashina makavu. Nimejitupa humo mara ishirini. Tope limeingia kwenye masikio. Mnyoo — mnyoo mzima! — nimeutoa ndani ya kola.

Bi Uljin, jirani, alikuwa amesimama juu ya tuta anatazama. Jina lake halisi silijui mpaka leo. Aliolewa kutoka Uljin, basi ndiye Bi Uljin. Ana miaka sabini na tisa na mdomo wa ishirini.

"We mtoto wa kina Tak! Umeanguka kutoka wapi?"

"Mbinguni, bibi. Kamba imekatika."

"Bora ungekatika ulimi. Wenzako wanalea, wewe unagaagaa mtamani kama nguruwe mwenye upele."

"Ndiyo kazi yangu, bibi."

"Na mume je? Naye unasubiri ateremshwe kwa kamba?"

Tulicheka. Nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Akaona mbweha ni mnene. ("Huyu hajala maini ya watu, huyu kala wali wa matanga.") Mzuka wa yai akausifu. Kisha nikabonyeza, ukaja mkono. Mkono mweupe, karatasi iliyochanika, mlango wa bibi.

Akausukuma kioo kando.

"Futa hiyo."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nimesema futa. Bibi yako kafa. Mimi bado nina macho."

Akatema mate, kando kabisa ya kiatu changu, akaondoka. Hata jembe lake kaliacha.

Jumanne, 14 Novemba

Nimerudisha jembe. Alifungua mlango, akalichukua, akaufunga. Salamu yangu ikabaki nje pamoja nami.

Vizee! Siku nzima nimeudhika. Usiku panya, mchana Bi Uljin.

Jumamosi, 18 Novemba

Picha ya kumi na mbili, ya mwisho. Mimi nikiwa mtoto yule mwenye chuma. Koti jekundu la kitoto limenibana mpaka likachanika kwapani. Nywele nimezikata mwenyewe kwa mkasi, bakuli kichwani, kama alivyonikata bibi. Chuma ni kile kile. Nilikikuta nyuma ya jiko, kimeota kutu, kutu imeniganda viganjani, inanuka damu.

Nilipiga sitini na tano. Kwenye zote niko kama mwanamke mzima aliyevaa ujinga. Kisha nikachoka, nikasahau kujipanga, nikatabasamu. Hiyo ndiyo iliyotoka. Tabasamu dogo, upande mmoja, kama mtu aliyeonyeshwa jambo na sasa anasubiri sifa.

Nimelitazama, nikalikuza kwenye kioo, nikalitazama tena. Sijui nimelitoa wapi.

Nimezituma zote Seoul. Bi Pyo amejibu ndani ya dakika tatu. Ndiyo hii! Hii ndiyo bango! Ameshaipa na jina: Mtoto Aliyemshinda Chui Milia.

Jumamosi, 25 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Nilikuwa nifunge safari jana. Bi Uljin akabisha mwenyewe: kesho tunachachusha kabichi za kimchi, njoo, kuna kabichi mia na ishirini na migongo mitatu. Nikaenda. Ukumbusho wa utotoni, nikasema, nitashika rangi na harufu. Harufu! Dagaa waliooza kwenye chumvi, vitunguu saumu ndoo nzima, pilipili mpaka kwenye kope. Tulikuwa wanne tumechuchumaa uani na glavu za mpira. Wale wengine wawili ni wazee wa juu kule, nawajua kwa sura tu.

Mmoja akanitazama ninavyopaka pilipili kati ya majani. Akasema, angalia anavyolikunja lile jani la nje, Bi Mukho mtupu.

Yule mwingine akamkanyaga mguu, nimeona.

Mukho ndiko alikotoka mama. Hilo tu ndilo ninalolijua juu yake.

Wale wawili wakaondoka na ndoo zao. Nikabaki kukosha mabeseni. Ndipo Bi Uljin akakaa kwenye kizingiti cha jiko lake, miguu nje, akaanza bila kuulizwa.

"Wewe kweli hukumbuki, au hutaki?"

"Nikumbuke nini, bibi?"

"Ule mkono niliufunga mimi. Hapa, ulipo mguu wako. Nilimpaka soya iliyochacha, dawa nyingine hatukuwa nayo. Nyama imeshikana na karatasi ya mlango."

Nilisema, mkono wa nani. Nilisema hivyo! Kama mpumbavu, kama karani dirishani.

"Wa chui," akasema. Akacheka bila kucheka. "Wa mama yako. Nani mwingine angetembea kutoka stendi kwenye theluji ile?"

Bibi ndiye aliyemfukuza, wiki sita baada ya mazishi ya baba. Mwanamke aliyemla mumewe hakai chini ya paa moja na mjukuu wangu! Makaa yaliwala wanaume sita siku ile, alisema Bi Uljin, lakini wale wajane wengine watano hakuna aliyeitwa chui. Mama akarudi kwao Mukho, akapata kazi ya kupasua samaki bandarini, maji ya chumvi na barafu asubuhi hadi jioni. Mikono ikapasuka. Baada ya mwaka na kitu akaja kuniona.

"Hakulia wakati namfunga. Aliuliza jambo moja tu, mtoto anakula? Nikamwambia anakula. Akasema basi vizuri. Akashika njia."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Hapo akanikazia macho. "Miaka thelathini na nne. Kila mwaka mpya unakuja, unakula wali wangu, unaniambia bibi mzima, bibi kwaheri. Hukuuliza hata siku moja mama yangu alikwenda wapi. Ungeuliza ningekujibu."

Nilimaliza mabeseni. Yote. Nikayapanga. Kisha nikaenda nyuma ya choo chake nikatapika kabichi, pilipili, kila kitu.

Jumapili, 26 Novemba

Sikulala. Nikaosha sakafu kwa sabuni ya unga. Nikachoma magodoro. Nikakitupa chuma mtoni, kikatua kwenye kina cha shibiri mbili, kinaonekana kabisa. Hata kutupa siwezi.

Bibi mchafu. Bibi mchafu, mchafu! Kumgeuza mtoto wa miaka saba mbwa wake. Siku nzima nimemtukana kwa sauti, na majirani wasikie.

Mpaka saa kumi hivi. Nilikuwa nimekaa mbele ya mlango ule wenye tundu langu la juzi. Na nikaisikia sauti, si ya mzuka, ni kumbukumbu tu, kama unavyoikumbuka namba ya simu ya zamani. Siku zote nasema chui aliita jina langu. Basi. Hadithi inakwenda mbele. Lakini alisema zaidi ya jina. Alisema: Rang, nimekuletea soksi, ya kushoto najua imeshatoboka.

Ya kushoto. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa na kidole gumba kirefu, kila soksi ilitoboka huko kwanza. Bibi hakuwahi kulijua hilo. Bibi alikuwa anazishona tu, bila kuangalia ni ya mguu upi.

Chui gani anajua soksi zangu?

Na mimi nilifikiri hivyo siku ile ile. Neno kwa neno. Nilikuwa na miaka saba, si mjinga. Kisha nikageuka nikamtazama bibi. Alikuwa amekaa pembeni ya jiko, mikono magotini, ananisubiri, anatabasamu upande mmoja.

Ndipo nikachukua chuma.

Nilijua.

Jumanne, 28 Novemba

Nimemwambia Bi Pyo. Kwa nini? Sina mwingine wa kumwambia, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nilimwambia picha tatu za chui ziondolewe, hasa ile ya mwisho, na maneno ya ukutani yafutwe, ni uongo.

Kwanza alivuta pumzi. Nikadhani ameguswa.

"Hye-rang mpenzi. Hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza!"

Eti tumtafute mama. Tumlete siku ya ufunguzi. Eti nipige picha yake ya mkono — mkono wenyewe, wa kweli! — tuutundike karibu na ule wa unga. Watu watalia. Akauliza kama kovu linaonekana vizuri.

Nikamwambia ni mshenzi.

Akasema, kwa upole kabisa, wasanii wote husema hivyo wiki mbili kabla ya ufunguzi. Mabango yameshachapwa. Mkataba nilitia sahihi mimi, si yeye. Jioni njema, mpenzi, ule kitu cha moto.

Ningependa kusema nilikata simu mimi. Alikata yeye.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimerudi Seoul kuchukua nguo. Sikufika hata nyumbani. Kwenye njia ya chini kwa chini ya treni, karibu na ngazi, mimi hapo. Urefu wa mtu na nusu. Koti jekundu, chuma, tabasamu. Watu wanapita na miavuli iliyolowa. Mzee mmoja ameegemeza mgongo wake kwenye kifua changu, anakula mkate.

Nilidhani nitachukia kuona uso wangu. Ila ule si uso wangu. Ni bibi, pale jikoni, mikono magotini. Picha kumi na mbili nimejitafuta, nimevaa mbweha, nimevaa panya — na nilipoacha kujipanga akatoka huyu!

Nilijaribu kulibandua. Limefungwa nyuma ya kioo. Mlinzi akaja, akaniangalia, akaangalia bango, akatabasamu. Ah, ni wewe! Akaomba tupige naye picha.

Nilipiga. Sikujua namna ya kukataa. Aibu imenitoa jasho ndani ya koti.

Na sasa liko kwenye simu za watu pia. Gazeti moja limeandika kisa chote, chuma na yote. Linasambaa.

Jumanne, 5 Desemba

Nimerudi kijijini, kwa Bi Uljin. Nilipiga magoti kwenye sakafu yake, akaniambia niinuke, namchafulia.

Nikamuuliza. Miaka thelathini na nne nimechelewa, lakini nikauliza: yuko wapi?

Alikwenda uani, akarudi anaburura ndoo ya kimchi iliyofungwa kwa plastiki na gundi. Kila mwaka alikuwa anaituma. Kila mwaka! Kimchi niliyokuwa naila hapa mwaka mpya, nusu yake ilikuwa imekwenda Mukho.

"Mwaka huu kiuno hakinipi ruhusa ya kwenda posta. Mpelekee wewe. Ana mkahawa wa supu chini ya ngazi za mnara wa taa. Mlango wa bluu."

"Nimwambie nini, bibi?"

"Mwambie kwanza aiache nje siku tatu, haijachacha."

Kisha akanishika kidevu, vibaya, kama anayenunua ng'ombe. Akasema mama aliolewa tena na mvuvi, mtu mwema, amekufa. Ana binti mmoja. Binti anaambiwa kovu ni la mafuta ya moto.

"Usiende kule kujisafisha," akasema. "Kama ni kujisafisha, kuna bafu la umma mjini."

Jumamosi, 9 Desemba

Niko Mukho. Naandika chooni. Choo cha nje, nyuma ya mkahawa, mlango haufungi, nimeuzuia kwa mguu. Kuna ndoo ya vichwa vya samaki hapa kando na paka anavipigania. Naandika haraka.

Nilifika saa saba mchana. Nikazunguka gari mara tatu. Bandari nzima inanuka — ngisi waanikwao, dizeli, matumbo ya samaki barabarani. Harufu ile ile ya mkono. Maisha yangu yote sijawahi kula samaki, nilisema ni mzio.

Saa nane nikaingia na ndoo.

Ni mfupi. Nilimtarajia mrefu, sijui kwa nini. Nywele fupi zilizotiwa mawimbi saluni, aproni, glavu za mpira za waridi mpaka kwenye viwiko. Hakuna wateja. Televisheni ilikuwa inapiga kelele za watu wanaoimba.

Aliangalia ndoo kabla ya kuniangalia mimi. Akaijua.

"Bi Uljin mzima?"

"Mzima. Kiuno tu."

"Na wewe ni nani wake?"

Njia nzima nilikuwa na sentensi. Niliisema kwa sauti garini, muda wa saa mbili, mpaka ikakwaruza koo. Nikafungua mdomo.

"Jirani," nikasema.

Jirani! Kinyaa cha panya, cha mnyoo, cha matapishi yangu mwenyewe — hakuna kilicholingana na neno hilo.

Alinitazama kidogo. Si sana. Akasema, usikae karibu na mlango, kuna baridi. Akaenda jikoni. Hakuuliza nitakula nini. Akaleta supu ya gomchi, yule samaki mbaya kuliko wote, nyama yake kama kamasi, inateleza kabla hujaitafuna. Nikala. Kijiko baada ya kijiko. Nilimeza kila kitu, macho yananitoka maji, naye amesimama nyuma ya kaunta anapangusa mahali palipokuwa pakavu.

"Huko kwenu theluji imeanza?"

"Bado, mama." Nilisema mama kama tunavyomwita kila mwenye mkahawa. Hakuna aliyeweza kujua. Kitambaa kikasimama.

"Zamani ilianza mapema," akasema. Kikaendelea.

Nadhani ningesema. Kweli nadhani. Nilikuwa nimeweka kijiko chini.

Mlango ukafunguliwa. Msichana wa miaka ishirini na sita, saba, koti juu ya sare ya wauguzi, mashavu mekundu kwa upepo, anapiga kelele kabla hajavua viatu: mama, nimekufa kwa njaa! Ana sikio langu. Sikio hili la kushoto, lililochomoza. Akaniinamia kwa adabu, karibu dada. Kisha akasimama.

"We dada! Si ndiye wewe wa kwenye bango?"

Nikasema hapana. Akatoa simu. Akaiweka mbele yangu kwenye meza, koti jekundu, chuma.

"Ndiye! Mama, njoo uone! Nilikwambia juzi, yule mpiga picha wa Seoul, aliyembabua chui mkono akiwa na miaka saba! Ndio huyu, yuko kwetu, anakula gomchi!" Akavuta kiti akakaa, viwiko mezani, ananing'ang'ania kwa macho. "Gazetini wamefupisha. Hebu tusimulie yote, dada. Mwanzo mpaka mwisho."

Mama alikuja. Aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee. Aliitazama muda mrefu. Nilimtazama akilitazama tabasamu lile. Alilijua. Aliishi nalo nyumba moja miaka minane, angekosaje kulijua?

Akaiweka simu chini, kioo kikiangalia meza.

"Mimi sijawahi kuisikia hiyo," akamwambia binti yake. Sauti haikutikisika. Kisha kwangu: "Simulia. Nami nasikiliza."

Na akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja.

Nikauliza choo kiko wapi.

Nina dakika kumi humu, labda zaidi. Ukuta una tundu, naona gari langu, ufunguo ninao mfukoni. Msichana ameita mara moja: dada, uko salama? Supu imekudhuru? Nimejibu nakuja. Paka ameshinda kichwa kimoja anakitafuna hapa miguuni, macho na yote, na sioni tena kinyaa, namwangalia tu.

Nasikia viti vinaburutwa. Sasa wamezima na televisheni, wanisikilize.